"Elastic": Neno la Kurudi Kuliko la Kuvutika

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza hukutana mapema na neno la Kiingereza "elastic", kwenye somo la fizikia, pale wanapofundishwa tabia za maada. Neno hilo halimtishi. Lastiki anaijua: iko kwenye kiuno cha sketi, hufungia noti dukani. Ukimwuliza elastic ni nini, atakujibu papo hapo kwamba ni kitu kinachovutika. Mpe mpira, waya wa chuma na kipande cha kioo, umwulize kipi kati ya hivyo ni elastic, naye atachukua mpira. Ukimwambia kwamba vyote vitatu ni elastic, na kwamba kioo kina sifa hiyo kwa kiwango cha juu sana, atadhani unamtania.

Hajibu hivyo kwa ujinga. Waingereza na Wamarekani walio wengi, katika mazungumzo ya kila siku, hulitumia neno hilo vilevile. Shida ni kwamba neno lenyewe lilizaliwa kwa wanasayansi, likaenda kiwandani, likaingia kwenye nguo, kisha likachukuliwa na wanasheria, wachumi na mafundi wa kompyuta. Kila lilipofika lilibeba sehemu ya maana yake na kuacha nyingine. Kamusi humpa msomaji wa Kiswahili "-nyumbufu", neno zuri kabisa, lakini hilohilo ndilo analopewa mara nyingi akitafuta "flexible", na pengine hata akitafuta "pliable". Maneno matatu yenye tabia tatu tofauti yanageuka kuwa neno moja, na msomaji anabaki na picha ya kitu laini kinachopindapinda. Kwa elastic, picha hiyo inapotosha.

Tuanze na asili yake. Katika miaka ya 1650, wanazuoni wa Ulaya walikuwa wakihangaika na hewa: ina uzito? Inaweza kubanwa? Ikibanwa hufanyaje? Ndipo neno hili lilipobuniwa kwa Kilatini cha kitaaluma na Kifaransa, kutoka kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusukuma au kuendesha mbele. Lilielezea tabia ya hewa ya kujitanua tena baada ya kubanwa. Mpira haukuwamo kabisa kwenye habari hiyo, kwa kuwa Ulaya ya wakati huo haikuwa na matumizi yoyote ya maana ya mpira.

Mwaka 1660 Robert Boyle alichapisha Oxford kitabu cha majaribio yake juu ya hewa, aliyoyafanya kwa pampu iliyotengenezwa na msaidizi wake, Robert Hooke. Jaribio lao moja linafaa kusimuliwa polepole. Walichukua kibofu cha mwanakondoo, wakaacha hewa kidogo ndani, wakafunga mdomo, wakakiweka kikiwa kimesinyaa ndani ya chombo cha kioo. Kisha pampu ikaanza kutoa hewa iliyokizunguka. Kibofu kikavimba bila kupulizwa na mtu. Hewa iliporudishwa ndani ya chombo, kikasinyaa tena. Ile hewa kidogo ya ndani ilikuwa imebanwa na hewa ya nje wakati wote, na ilipopata nafasi ilijitanua. Boyle aliieleza kwa mfano wa sufi ya kondoo, ambayo ukiikandamiza kwa kiganja na kuinua mkono hujiinua yenyewe.

Katika jaribio hilo hakuna kitu kilichokuwa kikivutwa. Hewa ilibanwa, ikaachiwa, ikarudi. Hicho ndicho kiini cha neno tangu siku zake za kwanza: kitu cha elastic ni kitu chenye nguvu ya kujirudisha pale nguvu ya nje inapoondoka. Kuvutwa ni njia moja tu ya kukitoa kwenye hali yake. Unaweza pia kukibana, kukipinda au kukisokota.

Hooke alilipeleka wazo hilo kwenye vitu vigumu. Mwaka 1676 alitangaza ugunduzi wake kwa namna iliyokuwa ya kawaida kwa wanasayansi wenye hofu ya kuibiwa: aliandika herufi 14 zilizopangwa kialfabeti, ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Miaka miwili baadaye, 1678, alizifumbua. Zilikuwa sentensi fupi ya Kilatini yenye maana kwamba kadiri kitu kinavyovutwa ndivyo nguvu yake ya kujirudisha inavyokuwa. Ukiongeza mzigo maradufu kwenye springi, urefu unaoongezeka nao huwa maradufu. Hiyo ndiyo kanuni ya Hooke ambayo wanafunzi wetu huikariri hadi leo. Kitabu alichoifumbulia, chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza, kilipewa jina la Kilatini linalosema wazi kinahusu nini: nguvu ya kurudisha. Natamani kila mwalimu anayefundisha mada hii angeanza na jina la kitabu hicho. Mara nyingi somo huanza kwa lastiki kuvutwa mbele ya darasa, na macho yote hubaki kwenye kuvutwa. Jambo lenyewe hutokea lastiki ikiachiwa.

Basi mpira uliingilia wapi? Uliingia karne ya 18, sampuli zilipofika Ulaya kutoka Amerika Kusini, ambako wenyeji walikuwa wakiutumia tangu kale. Waingereza waliuita gundi ya elastic, kwa kuwa walikuwa tayari na neno la kisayansi la sifa hiyo, na hawakuwa wamewahi kuona kitu kinachotolewa mbali kiasi hicho kisha kikarudi. Mwaka 1820 Thomas Hancock alipata hataza London ya kutia mpira kwenye glavu, soksi na viatu ili vishike mwili. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichomwa pamoja na salfa haugandi kwenye baridi wala hauyeyuki kwenye joto. Mwaka 1845 Stephen Perry wa London akapata hataza ya kipete cha mpira cha kufungia karatasi. Kufikia miaka hiyo "elastic" lilikuwa limegeuka kuwa nomino, jina la uzi au utepe wenye mpira ndani. Sifa ikawa bidhaa. Lastiki yetu ya Kiswahili imetoka kwenye bidhaa hiyo, na ndiyo maana mwanafunzi wetu anapokutana na sifa huona utepe wa kiuno.

Mpira ulilifanya neno lijulikane na kila mtu, na papo hapo ukalifanya lieleweke nusu. Kwenye mpira, kuvutika ndiko kunakoonekana. Kurudi hutokea haraka mno, na mtu hukuchukulia kuwa jambo la kawaida tu.

Turudi kwenye kioo. Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu cha 1687, alieleza majaribio ya kugonganisha vitufe vya vitu mbalimbali na kupima kasi ya kuachana kwake baada ya kugongana. Vitufe vya sufi iliyobanwa sana viliachana kwa takribani 5/9 ya kasi viliyokutana nayo. Vya kioo viliachana kwa takribani 15/16. Maana yake, kitufe cha kioo kikigongwa hubonyea kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, kisha hujirudisha na kurejesha karibu kila kilichopewa. Sufi ni laini, hubonyea sana, lakini sehemu kubwa ya ilichopewa hupotelea humo ndani. Kwa kipimo cha kurudi, kioo ni elastic kuliko sufi. Kwa kipimo cha kupindika, hali ni kinyume kabisa. Kioo hakistahimili kutolewa mbali na umbo lake. Kikipita kikomo huvunjika badala ya kupinda. Ndani ya kikomo hicho, hata hivyo, hurudi karibu bila kasoro.

Neno "kikomo" lina uzito hapa, na mtu wa ujenzi analielewa kuliko mwanafunzi wa darasani. Mtazame fundi anayetengeneza ringi za nguzo kwa nondo. Anashika nondo kwenye kifaa chake cha kupindia na anataka kona ya mraba. Akiipinda mpaka kona ya mraba na kuachia, nondo hurudi nyuma kidogo, na kona inakuwa wazi kuliko alivyotaka. Fundi mzoefu hupinda kupita kona anayoitaka, kwa kiasi ambacho mkono wake umejifunza, ili nondo ikirudi itulie pale pale. Ndani ya tendo hilo moja kuna maneno mawili ya Kiingereza. Ile sehemu ya nondo kurudi nyuma ni elastic. Ile sehemu iliyobaki imepinda, ambayo haitarudi tena hadi nondo ipindwe upya, ni "plastic". Kwa Kiingereza cha kisayansi, plastic ni kitu kinachopokea umbo jipya na kubaki nalo, kama udongo wa mfinyanzi na nta. Neno hilo lilikuwapo karne nyingi kabla ya ndoo na mifuko ya plastiki. Bidhaa hizo zilipewa jina hilo kwa kuwa zinapotengenezwa hufinyangwa zikiwa laini kwa joto. Msomaji anayekutana na elastic na plastic kwenye sentensi moja ya kitabu cha uhandisi, akadhani ni maneno ya ukoo mmoja kwa kuwa yote "yanahusu ulaini", atapotea. Yamewekwa hapo kwa sababu yanapingana.

Waya wa chuma cha kawaida cha ujenzi wenye urefu wa mita 1 unaweza kuvutwa takribani milimita 1 na ukarudi. Zaidi ya hapo, sehemu ya mvuto hubaki ndani yake. Mpira hurudi hata ukivutwa mara kadhaa ya urefu wake. Hapa ndipo vitabu vingi vya shule huandika kwamba chuma ni elastic kuliko mpira, na mwanafunzi hulikariri jibu hilo bila kujua lilipotoka. Limetoka kwenye kipimo kinachohusishwa na Thomas Young, aliyekieleza katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807. Kipimo hicho huuliza inahitajika nguvu kiasi gani kukinyoosha kitu kwa kiasi fulani, na chuma hudai nguvu maelfu kwa maelfu ya mara kuliko mpira. Kwa maoni yangu jibu hilo linawachanganya watoto bila sababu, kwa kuwa linaupima ukakamavu na kuuita kwa jina lingine. Ingetosha kusema kwamba vyote viwili hurudi: chuma kwa nguvu kubwa na kwa usahihi, ila hakiruhusu kutolewa mbali, mpira kutoka mbali sana, ila kila safari hupoteza kidogo kama joto, na ukiachwa umevutwa kwa muda mrefu haurudi wote. Mwendesha bodaboda anayefungia mizigo kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu anajua hilo. Ukanda uliokaa miezi juani ukiwa umekazwa kwenye keria, siku ukifunguliwa huning'inia mrefu kuliko ulivyokatwa. Bado unapindika utakavyo. Ulichopoteza ni uwezo wa kurudi.

Kuna jambo moja kuhusu mpira ambalo msomaji anaweza kulipima sasa hivi kwa kipete cha kufungia noti. Kigusishe kwenye mdomo wa juu, ukivute ghafla kikiwa hapohapo, na utahisi ujoto kidogo. Kiache kimevutwa kwa muda kipoe, kisha ukiachie kirudi na ukigusishe tena papo hapo: sasa kina ubaridi. Mwanazuoni John Gough wa Kendal, Uingereza, aliyekuwa kipofu, aliliripoti jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kutumia midomo yake kama kipimajoto. Sababu ya jambo hilo ilijulikana baadaye sana. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunjakunja ovyo. Ukiuvuta unainyoosha minyororo hiyo, na mtikisiko wa joto uliomo ndani hautulii mpaka uikunje tena. Chuma kinarudi kwa sababu nyingine: atomi zake zina nafasi zake, na ukizisogeza zinavutana kurudi hapo. Sababu ni mbili, kurudi ni kulekule, na Kiingereza kinatumia neno moja kwa vyote viwili kwa sababu neno lenyewe haliulizi kitu kinarudi kwa njia gani.

Mahali ambapo kurudi huku kunahusu uhai wa mtu ni zahanati. Mtoto mwenye kuhara akiletwa, mhudumu aliyefunzwa mwongozo wa WHO na UNICEF wa kutibu watoto wagonjwa humlaza, hushika ngozi ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada, katikati ya kitovu na ubavu, huiinua na kuiachia. Kisha hutazama. Ngozi ikirudi mara moja, ni dalili njema. Ikirudi polepole, mtoto ameanza kupungukiwa maji. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hiyo ni mojawapo ya dalili za hatari za upungufu mkubwa wa maji mwilini. Vitabu vya Kiingereza vya udaktari hulitaja jambo hili kwa kusema kwamba ngozi imepungukiwa na elasticity yake. Anayesoma sentensi hiyo akadhani inasema ngozi "haivutiki" ameigeuza kichwa chini. Ngozi ya mtoto huyo inainuliwa kwa urahisi kabisa, tena hubaki imeinuka kama kunjo la kitambaa. Mwongozo huohuo huwatahadharisha wahudumu kwamba mtoto aliyekonda sana kwa utapiamlo anaweza kuwa na ngozi inayorudi polepole hata kama hajapungukiwa maji, na mtoto mnene ngozi yake inaweza kurudi haraka ilhali amepungukiwa. Kwa hiyo dalili hii husomwa pamoja na nyingine, kama macho yaliyodidimia na mtoto kushindwa kunywa.

Majirani wa neno hili nitawapitia kwa ufupi. "Flexible" ni kinachopindika bila kuvunjika, na halisemi kama kitarudi. Ndilo Waingereza wanalotumia kwa saa za kazi, ratiba na mtu asiyeng'ang'ania jambo, na kwa matumizi hayo ni sifa njema. "Pliable" hubeba wazo la kukunjwa na mkono wa mwingine. Kwa ngozi ya kushonea viatu ni sifa, kwa mtu ni lawama. John Bunyan, katika hadithi yake maarufu ya msafiri iliyochapishwa mwaka 1678, alimpa jina hilo jirani anayeshawishika upesi kufuatana na msafiri huyo, aitwaye Mkristo, kisha anatumbukia naye kwenye tope, anatokea upande unaotazama nyumbani kwake na kurudi alikotoka. "Supple" ni la viungo vya mwili na ngozi iliyotunzwa. Mcheza sarakasi au mchezaji wa ngoma huitwa supple. Ukimwita elastic, umesema zaidi kuhusu anavyoruka na kudunda kuliko anavyopinda.

Linapotumiwa kwa watu na mambo yasiyoshikika, elastic lina harufu ambayo kamusi huisahau. Mtu mwenye dhamiri ya elastic ni yule ambaye dhamiri yake hutanuka kila anapotaka kupitisha jambo lisilofaa. Muda wa mwisho ukiitwa elastic, msemaji analalamika kwa adabu kwamba hakuna anayeuheshimu. Rafiki akikuandikia kwa Kiingereza kwamba mpango wenu ni flexible, anakuachia nafasi. Akisema ni elastic, uliza vizuri. Katika matumizi haya, kurudi kumefifia na kutanuka kumechukua nafasi, na huo ni urithi wa lastiki ya dukani.

Wamarekani wana mfano wake kwenye sheria. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787, ibara ya kwanza, kifungu cha 8, huorodhesha mamlaka ya bunge na kumalizia kwa kulipa uwezo wa kutunga sheria zote za lazima na zinazofaa ili kuyatekeleza mamlaka hayo. Sehemu hiyo ya mwisho imezoeleka kuitwa kifungu cha elastic. Mwaka 1819, katika kesi ya McCulloch dhidi ya jimbo la Maryland, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliitegemea kuamua kwamba bunge lina haki ya kuanzisha benki, ingawa neno "benki" halimo kwenye orodha. Wanaolitumia jina hilo wanamaanisha kwamba mamlaka hutanuka kadiri mahitaji yanavyotanuka. Kama hurudi tena baada ya mahitaji kupita, hilo Wamarekani wamekuwa wakilibishania kwa zaidi ya karne mbili.

Sasa tufike kwenye uchumi, ambako wasomaji wetu wa magazeti huumia zaidi. Aliyelieneza neno huko ni Alfred Marshall wa Cambridge, katika kitabu chake cha misingi ya uchumi cha mwaka 1890. Mkewe, Mary Paley, alimsimulia mchumi John Maynard Keynes kwamba wazo hilo lilimjia Marshall akiwa ameketi juu ya paa huko Palermo, Italia, mwaka 1881, na kwamba lilimfurahisha mno. Marshall alitaka neno la kuelezea kiasi ambacho wanunuzi huitikia bei ikibadilika. Alichukua elastic, akaacha kurudi, akachukua kuitikia: nguvu kiasi hiki inaleta badiliko kiasi gani.

Chukua mfano wa kubuni. Duka linauza chupa 100 za soda ya aina fulani kwa siku, kila moja shilingi 1,000. Bei inapanda hadi 1,100, yaani asilimia 10, na mauzo yanashuka hadi chupa 80, yaani asilimia 20. Gawanya 20 kwa 10, unapata 2. Ikizidi 1, wachumi husema mahitaji ni elastic. Wanunuzi wamekimbilia soda nyingine, na mwenye duka aliyekuwa akiingiza shilingi 100,000 sasa anaingiza 88,000. Duka hilohilo linauza pakiti 100 za chumvi kwa shilingi 500 kila moja. Bei inapanda asilimia hiyohiyo 10 hadi 550, na mauzo yanashuka hadi pakiti 98 tu. Gawanya 2 kwa 10, unapata 0.2. Mahitaji hayo huitwa "inelastic". Mapato ya chumvi yamepanda kutoka shilingi 50,000 hadi 53,900, kwa sababu hakuna nyumba inayopika bila chumvi na hakuna kitu cha kuiwekea badala yake.

Ukishaelewa hesabu hiyo, hotuba ya bajeti ya kila Juni inasomeka kwa macho mengine. Serikali inayotafuta mapato ya uhakika hupandisha ushuru wa vitu ambavyo watu hawaviachi upesi, kama sigara, bia na petroli. Hiyo ndiyo maana ya mchumi anaposema mahitaji yake ni inelastic. Hasemi kwamba petroli ni ngumu, wala kwamba mahitaji hayatarudi. Anasema mwenye daladala atalalamika na atanunua, na mzigo utaishia kwa abiria. Muda nao una sehemu yake: wiki ya kwanza dereva hana la kufanya, lakini bei ikikaa juu miaka kadhaa wengine watahamia kwenye magari yanayotumia gesi, na mahitaji yaleyale yataanza kuwa elastic. Jambo hili linamgusa mkulima pia. Watu hawali chakula maradufu kwa kuwa kimeshuka bei, na ndiyo sababu mwaka wa mavuno mazuri ya mahindi unaweza kumwacha mkulima na fedha kidogo kuliko mwaka wa mavuno ya wastani. Huo ni ukweli mchungu ambao wakulima wanaujua kwa miili yao, na neno moja la Kiingereza linauficha machoni mwa wasomaji wengi.

Kwenye kompyuta, kinyume chake, kurudi kumerejea. Kampuni ya Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha nguvu za kompyuta kupitia intaneti, iliweka neno elastic kwenye jina la huduma. Maana yake ni kwamba mteja huongezewa mitambo wateja wake wanapofurika, na hupunguziwa wanapoondoka, asilipie asichotumia. Nusu ya pili ya ahadi hiyo ndiyo inayolitendea haki neno la Hooke.

Kwa waandishi na wafasiri, nina maoni yangu. "-nyumbufu" libaki kwenye vitabu vya sayansi, ila mara ya kwanza likitajwa lifuatane na maelezo kwamba ni kitu kinachorejea umbo lake kikiachiwa, na "flexible" litafutiwe njia nyingine: kinachopindika, ratiba isiyobana, mtu anayekubali kubadilika. Kwenye uchumi sioni faida ya "mahitaji nyumbufu" nje ya darasa la chuo kikuu. Kiswahili kina kitenzi "kuitikia" na kinafanya kazi hiyo vizuri: mahitaji yanayoitikia bei, mahitaji yasiyoitikia bei. Wahariri wa kurasa za uchumi, nawaomba bajeti ijayo itakaposomwa, na mchumi akawaambia kwa Kiingereza kwamba mahitaji ya petroli ni inelastic, mwandikieni msomaji kwamba bei itapanda, watu wataendelea kununua, na nauli ndiyo itakayobeba tofauti.